Kaskazini Ndiko Kibla: Kilomita 736 kwa Baiskeli



 Wasomaji wapenzi, tangu nirudi safari watu hawaachi kunisimamisha barazani na mlangoni mwa msikiti wakiniuliza: "Sheikh, ni kweli ulipanda baiskeli mpaka nchi isiyokuwa na usiku?" Wengine huuliza kwa mshangao, wengine kwa tabasamu la kuficha kicheko, maana mtu mwenye ndevu nyeupe kama zangu hutarajiwa asafiri kwa Hija, kwa Umra au kwa mazishi. Nimeona ni bora niwajibu wote kwa pamoja katika ukurasa huu, kwani nina deni ambalo ni hapa tu linapoweza kulipwa.

Binti yangu mkubwa ni muuguzi katika mji wa Edmonton, nchini Kanada, anakoishi na mumewe na wanawe wawili. Mwaka jana alinipigia simu baada ya Isha akaniambia, "Baba, nataka tufunge safari, mimi na wewe. Kwa baiskeli." Nilicheka. Kisha nikanyamaza, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Mamake, aliyekuwa akisikiliza kando, aliinyakua simu akamwambia, "Mchukue, mwanangu. Ameketi juu ya mkeka mpaka magoti yanalia." Daktari naye alikwisha kunionya kuhusu sukari. Basi nikaanza mazoezi. Kwa miezi mitatu, kila baada ya swala ya Alfajiri, nilitoka Kisauni kwa baiskeli hadi Shanzu na kurudi kabla ya matatu hazijajaa barabarani. Vijana waliokuwa wakinisalimu kwa kunibusu mkono sasa walinisalimu kwa kupiga kengele za baiskeli zao.

Edmonton nitaipita haraka, ila jambo moja siwezi kuliacha. Siku ya pili binti yangu alinipeleka kuuona msikiti wa Al Rashid wa zamani, uliofunguliwa Desemba 1938, wa kwanza kujengwa Kanada. Ni jengo dogo la matofali ambalo kwa mbali ungelidhania kanisa la Waothodoksi, maana mjenzi wake alikuwa mtu wa asili ya Ukraine na alijenga kwa namna aliyoizoea. Miongoni mwa waliohangaika zaidi ili msikiti huo usimame alikuwa mwanamke, Hilwie Hamdon, mzaliwa wa Lebanon ambaye mumewe alikuwa mfanyabiashara wa ngozi za wanyama huko Fort Chipewyan, kaskazini. Yeye na wanawake wenzake walimwendea meya kuomba kiwanja, kisha wakazunguka kwa wenye maduka, Waislamu na wasio Waislamu, kukusanya fedha. Miaka mingi baadaye, msikiti huo ulipokaribia kubomolewa, ni wanawake wa Kiislamu tena walioongoza juhudi za kuuhamisha na kuuhifadhi. Binti yangu alinieleza hayo yote kwa utulivu, bila kunitazama. Nilidhani ananionyesha historia ya mji wake tu.

Barabara ya Dempster

Kutoka Edmonton tuliruka kwa ndege hadi Whitehorse, mji mkuu wa jimbo la Yukon, baiskeli zetu zikiwa zimefunguliwa magurudumu na kutiwa masandukuni. Kisha tukasafiri kwa gari hadi Dawson City, mji uliojaa watu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa walipokimbilia dhahabu. Kama kilomita 40 kutoka hapo kuna njia panda, na penye njia panda hiyo huanza barabara iitwayo Dempster. Ilianza kujengwa mwaka 1959 ikafunguliwa mwaka 1979. Sehemu yake kubwa haina lami. Ni kokoto na udongo karibu kwa kilomita zote 736 hadi mji wa Inuvik, na katikati yake pote, kwa kilomita 369 za mwanzo, hakuna duka, hakuna nyumba ya mtu, hakuna mahali pa kununua hata kiberiti.

Tuliianza tarehe 21 Juni, siku iliyo ndefu kuliko zote katika pande hizo za dunia. Kila mmoja alibeba mizigo kwenye mikoba minne iliyofungwa kando ya magurudumu: hema, mifuko ya kulalia, jiko dogo la gesi, mipira ya ndani ya akiba, viraka na pampu. Chakula chetu kilikuwa mchele, dengu, unga wa shayiri, samaki wa kopo, tende, na kashata za ufuta alizozifunga mamake kwa mkono wake. Sanduku jingine la chakula tulilitanguliza kwa gari hadi Eagle Plains, katikati ya njia, ambako kuna hoteli moja na kituo kimoja cha mafuta.

Akina mama wengi wameniuliza juu ya mavazi, basi niwajibu. Binti yangu alivaa suruali pana na juu yake kanzu iliyofika magotini, yenye mpasuo ulioshonwa kitambaa cha ndani ili isikwame kwenye cheni. Mtandio wake ulikuwa mwepesi, umefungwa nyuma ya shingo, na kofia ngumu ya baiskeli ilikaa juu yake bila taabu. Kwa siku zote 14 sikuona stara yake ikipungua hata mara moja. Hilo nalo nililiweka moyoni.

Siku za mwanzo tulipanda milima ya Tombstone. Wasomaji wanaoijua Taita wafikirie milima mirefu na mikali zaidi, myeusi, yenye vilele kama meno, na theluji ya mwaka uliopita ingali imelala mabondeni ingawa ni majira ya joto. Mahali pa juu kabisa pa barabara hiyo ni takriban mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Kabla ya kufika hapo miti hupungua kimo, ikawa mifupi kama mtoto, kisha ikatoweka, ukabaki uwanda wa nyasi, kuvu za mawe na maua madogo yanayokumbatia ardhi kwa kuogopa upepo. Waiita tundra. Chini ya nyasi hizo, kina cha mkono mmoja au miwili, ardhi imeganda na haiyeyuki mwaka mzima. Kwa hiyo barabara yenyewe imeinuliwa juu ya tuta nene la kokoto ili joto la juu lisiifikie barafu ya chini, kwani barafu ikiyeyuka barabara huzama. Nilipoelezwa hivyo nilikumbuka nyumba zetu za kale zilizoinuliwa juu ya mabaraza. Kila watu na ardhi yao, na kila ardhi na adabu yake.

Kuna mito ambayo maji yake ni mekundu kwa sababu ya chuma kilicho katika mawe. Kuna dubu, wa rangi ya kahawia na weusi. Tulimwona mmoja upande wa pili wa mto, anachuma matunda pori kwa utulivu kama bibi kizee shambani, nasi tukapita kwa adabu tukiongea kwa sauti ili asishtuke. Kila usiku chakula chote tulikitia ndani ya makopo magumu yasiyofunguka kwa kucha, tukayaweka mbali na hema, na mkononi tulikuwa na dawa ya pilipili ya kupulizia. Yuko pia paa mkubwa wa kaskazini aitwaye karibou, jina linalotamkwa karibu sawa na neno letu la kumlaki mgeni. Maelfu kwa maelfu yao hupita huko, lakini majira hayo wamekwenda pwani ya bahari ya kaskazini kuzaa, kwa hiyo hatukumwona hata mmoja. Tulikaribishwa na mbu peke yao. Wallahi, mimi mtu wa Pwani nilidhani nayajua mambo ya mbu. Hao hawana malaria, lakini hukufunika kama moshi, na tulikula chakula chetu huku tunatembea.

Swala katika nchi isiyo na giza

Wengi mmeuliza tuliswali vipi. Tulipoanza, jua lilikuwa likizama baada ya saa sita ya usiku na kuchomoza tena kabla giza halijaingia. Wekundu wa machweo uliungana na wekundu wa mapambazuko, na alama ya kuingia Isha haikuonekana kabisa. Tulipozidi kwenda kaskazini, jua likaacha kuzama. Katika Inuvik hali hiyo hudumu takriban siku 56, na katikati ya kipupwe hufuata karibu mwezi mzima ambao jua halichomozi.

Wanavyuoni wameijadili hali hii kwa kutegemea hadithi ya Dajjal iliyopokewa katika Sahihi Muslim, ambamo Masahaba, waliposikia kwamba itakuwako siku ndefu kama mwaka, hawakuuliza kwanza juu ya hofu yake bali waliuliza kama swala za siku moja zitawatosha. Mtume (S.A.W.) akawaelekeza wakadirie nyakati. Kwa msingi huo, aishiye mahali ambapo alama zimepotea hukadiria, ama kwa mji ulio karibu ambao usiku na mchana hupambanuka, ama kwa nyakati za Makka. Sisi tulifuata ratiba ya Edmonton tangu mwanzo hadi mwisho. Tena tulikuwa wasafiri, kwa hiyo tukachukua ruhusa ya kupunguza na ya kukusanya. Maji ya udhu yalikuwa ya vijito vya theluji, na mara ya kwanza niliyatia usoni nikapiga kelele mpaka binti yangu akatoka hemani kwa mbio akidhani ni dubu.

Ama kibla, hapo nilipata somo la jiografia katika uzee wangu. Mombasa yetu iko kusini ya Makka karibu sawasawa, ndiyo maana misikiti yetu huelekea kaskazini. Nilipofika upande ule wa pili wa dunia nilitafuta kibla kwa hesabu, kwa kuwa dira ya sumaku huko haielekei kaskazini halisi, na jibu likawa lile lile: kaskazini. Njia fupi kutoka Yukon hadi Makka hupita karibu kabisa na ncha ya dunia. Basi siku zote 14, kila tulipozungusha pedali, kwa jumla tulikuwa tukienda upande wa kibla, kama nilivyokuwa nikielekea tangu utotoni mwangu chuoni.

Mvua ya milima ya Richardson

Eagle Plains tulifika siku ya saba, tukapumzika siku moja, tukafua nguo. Siku ya tisa tulifika kilomita ya 405, palipo na bango la kuonyesha kwamba hapo ndipo mpita njia huvuka Mzingo wa Aktiki. Tulipiga hema. Baada ya saa nane ya usiku nilitoka nje nikaliona jua limesimama juu ya ukingo wa ardhi, jekundu, halizami wala halipandi, kaskazini kabisa, upande ule ule wa kibla. Sikuwa na haja ya hesabu wala dira. Ulipofika wakati wa Alfajiri kwa ratiba yetu tuliisimamisha baiskeli yangu mbele iwe sutra, tukaswali, kivuli cha gurudumu kimelala juu ya mkeka.

Siku iliyofuata ikanyesha mvua. Udongo wa barabara ile ukilowa huwa kama ugali uliokorogwa vibaya. Hushika magurudumu, hujaza breki, na baiskeli hukataa hata kusukumwa. Tulikuwa tukipanda kuelekea mpaka wa jimbo la Yukon na Northwest Territories, katika milima ya Richardson, na upepo ulikuwa unatupiga kifuani. Jiwe kali likachana tairi yangu ya nyuma. Goti langu la kushoto, lililokuwa likininong'oneza tangu Eagle Plains, sasa likaanza kupiga kelele. Niliketi kwenye kokoto, mvua inanichuruzika ndevuni, nikamwambia binti yangu kwamba mimi sasa basi, na tungoje gari lolote litakalopita.

Hakunijibu. Aliipindua baiskeli yangu, akafungua gurudumu, akatoa mpira, akautafuta mpasuko kwa kidole, akaubandika kiraka, na ndani ya tairi iliyochanika akaweka kipande cha kopo la plastiki alichokikata kwa kisu ili jiwe lisipite tena. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa mafuta ya cheni. Kisha akahamisha mikoba yangu miwili akaifunga kwenye baiskeli yake. Ndipo aliponiuliza, bila hasira, kama mtu aulizaye saa:

"Baba, ulikuwa na dalili gani?"

Sikumuuliza dalili ya nini, maana nilijua. Sasa niwaeleze na ninyi.

Binti huyu alipokuwa na umri wa miaka tisa, nilimkuta uani akifundishwa baiskeli na binamu yake. Alikuwa amekwisha kujua kusawazisha. Alinitazama akacheka, akiwa na furaha ya kutaka kuonekana. Nilimshusha mbele ya watoto wenziwe nikamwambia kwamba msichana wa Kiislamu hapandi baiskeli. Hakulia. Alipangusa mikono yake kwenye marinda akaingia ndani, na neno baiskeli halikutajwa tena nyumbani kwangu.

"Nimejifunza nikiwa na miaka ishirini na saba," aliniambia pale mvuani, "nyuma ya maegesho ya magari ya hospitali, usiku, baada ya zamu. Nilianguka mara nyingi. Mtoto akianguka huinuka tu, Baba. Mtu mzima huumia."

Nilitafuta jibu. Nimefundisha fiqhi kwa zaidi ya miaka thelathini na najua namna ya kutafuta dalili. Nilipekua nilichokuwa nacho kichwani na sikupata aya wala hadithi. Nilichokipata ni kinyume chake, kwani Mtume (S.A.W.) aliposifu wanawake wema wa Kikuraishi aliwataja kuwa ni bora ya waliopanda ngamia, na hadithi hiyo nimeisomesha darasani mara nyingi bila kusikia inavyoniambia. Nilichokuwa nacho uani siku ile kilikuwa hofu ya maneno ya majirani, nami nikakivika kanzu ya sharia.

"Sikuwa na dalili," nilimwambia. "Ilikuwa desturi. Nisamehe."

Alinyamaza kidogo. "Nimekusamehe zamani. Nilitaka kujua tu." Kisha akanipa mkono akaniinua. Tulisukuma baiskeli kwa miguu saa tatu nzima mpaka tukafika kileleni. Hapo maji ya mvua hugawanyika: yaangukayo magharibi huishia Bahari ya Pasifiki, yaangukayo mashariki huishia Bahari ya Aktiki. Tuliteremka upande wa mashariki, na mvua ikakatika.

Walioachana na mwenyeji

Mto Peel huvukwa kwa feri isiyotozwa nauli. Kandoni mwake, Wagwich'in, ambao ni wenyeji wa asili wa nchi hiyo, hukaa kambini majira ya joto wakivua samaki na kuwakausha. Bibi mmoja alituita, akatupa samaki mkavu mwekundu aliyechanjwa kwa kisu hadi ngozini. Nilipomtafuna machozi yalinilenga, kwa sababu nilihisi ng'onda wa kwetu. Tulimpa kashata zilizobakia. Hatukuwa na maneno mengi ya kuelewana, wala hayakuhitajika.

Kilomita kumi na kitu mbele kuna kijiji cha Fort McPherson, na katika makaburi ya kanisa lake wamezikwa askari wanne. Tarehe 21 Desemba 1910 walitoka kijijini hapo kwenda Dawson kwa mbwa wa kuvuta sleji, wakiongozwa na Francis Fitzgerald. Alitaka safari iwe ya haraka, kwa hiyo akapunguza chakula. Njiani walimwajiri mwenyeji mmoja wa Kigwich'in kwa siku chache awaonyeshe njia, kisha wakaachana naye. Waliupoteza mto waliopaswa kuufuata, wakautafuta siku nyingi, wakageuka kurudi, wakala mbwa wao mmoja baada ya mwingine, na wote wakafa, wa mwisho wakiwa si mbali na mahali walikoanzia. Machi 1911 miili yao ilipatikana na koplo aitwaye Dempster, na jina lake ndilo jina la barabara hii.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Fitzgerald hakuwa mtu mwovu. Alikuwa kiongozi aliyezoea kuongoza, na hakuona haja ya kuongozwa na mtu aliyemdhania kuwa chini yake. Nilimtazama binti yangu akiwa anakaza skrubu za mikoba yangu, nikajiambia kwamba mimi nami nimeifika nchi ile kwa kumfuata mtu ambaye zamani nilimshusha kwenye baiskeli.

Msikiti uliosafiri

Baada ya feri ya pili, katika mto mkubwa wa Mackenzie, zilibaki kilomita 128 za tambarare na vimbunga vya vumbi. Tuliingia Inuvik Alhamisi jioni, kama jioni ni neno sahihi. Nyumba za mji huo zimesimama juu ya nguzo, na mabomba ya maji na ya maji machafu hupita juu ya ardhi ndani ya masanduku, yote kwa ajili ya ile barafu ya chini isiyotakiwa kuguswa na joto.

Hapo pana msikiti. Waislamu wa Inuvik ni wachache, wapatao mia moja, wengine kutoka Sudan, wengine nchi za Kiarabu na kwingineko, na kwa miaka walikuwa wakiswali katika chumba kidogo kisichowatosha. Kujenga huko ni ghali mno, kwa hiyo mwaka 2010 msikiti ulijengwa mzima katika mji wa Winnipeg, ukapakiwa juu ya lori, ukasafirishwa kwa barabara na kisha kwa tishari juu ya mto Mackenzie, zaidi ya kilomita 4,000, ukiwahi kwa taabu tishari la mwisho kabla ya mto kuganda. Mnara wake ulijengwa hapo hapo. Sasa una pia ghala la chakula kwa ajili ya wahitaji wa mji, Waislamu na wasio Waislamu, maana vyakula huko huuzwa kwa bei ya kutisha.

Ijumaa, Adhuhuri iliingia karibu saa tisa, jua likiwa juu ya kusini. Nilipowaambia natoka Mombasa, mzee mmoja wa Sudan alinishika mkono hakuuachia. Baada ya swala waliniomba niseme maneno machache, nami nikawaeleza habari ya kibla cha kaskazini, wakafurahi. Habari ile nyingine sikuwaeleza. Hiyo haikuwa haki yao, ilikuwa yenu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika ukurasa huu huu, mama mmoja wa hapa Pwani aliniandikia swali. Alisema binti yake mwenye umri wa miaka kumi na miwili anakwenda shule na madrasa mbali, nauli ya matatu inawashinda, na makondakta humsumbua kwa maneno. Mjombake amempa baiskeli. Je, aipande? Nilimjibu kwa mistari mitano kwamba ni bora aepuke kwa ajili ya heshima yake. Sikutaja dalili. Jibu lilichapishwa, na kwa vile limetoka kwa sheikh, bila shaka lilifuatwa, na huenda nyumba nyingine pia zilifuata.

Jibu lile lilikuwa kosa, nami nalirudisha. Msichana mwenye stara, katika njia iliyo salama, kwa ruhusa ya wazazi wake, anayo haki ya kupanda baiskeli kama alivyo nayo kakake. Wazazi waangalie magari, waangalie taa na breki, waangalie nani yuko njiani, kama wanavyowaangalia watoto wao wa kiume. Hayo ndiyo ya kuangaliwa.

Na wewe mama uliyeniandikia, jina lako silikumbuka wala barua yako sikuihifadhi. Binti yako leo ni mtu mzima, huenda ana watoto. Sijui alikwenda madrasa vipi miaka ile, wala kama aliendelea kwenda. Ukiyasoma haya, naomba mnisamehe, wewe na yeye.